Bakshishi melini: iachwe kwenye akaunti ya chumba au itolewe mkononi?

#1 Nahodha wa Nchi Kavu

Wakuu, salaam. Nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu niliposhuka melini, nami naamini humu wamo waliosafiri mara nyingi kuliko mimi, na pengine hata waliowahi kufanya kazi huko.

Nilikuwa na mwenzangu katika meli ya kitalii kwa siku 7. Kampuni ilitukata dola 17 kwa kila mtu kwa kila siku, fedha inayoingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chumba kwa jina la bakshishi. Siku moja kabla ya kushuka nilikwenda mapokezi nikaomba makato hayo yaondolewe yote, nao wakayaondoa bila ubishi. Nilitaka kuwapa kwa mkono wangu watu niliowaona wakinihudumia: mhudumu wa chumba dola 100, mhudumu wa meza 60 na msaidizi wake 40. Nilipomnyooshea mhudumu wa chumba bahasha yake, kabla ya kuipokea aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ile ya kwenye akaunti umeiacha au umeiondoa?"

Swali lile lilinivunja moyo, kwani nililisikia kama la mtu anayehesabu kabla ya kushukuru. Ninyi mnapendelea njia ipi, na mnadhani aliniuliza kwa sababu gani? Msimamo wangu ni kwamba bakshishi isiyopita mkononi ni tozo tu.

#2 Kasia

Ndugu Nahodha, mtu uliyemwona ni sehemu ndogo ya waliokuhudumia. Shuka zako zilifuliwa na mtu wa dobi aliye sitaha za chini ambazo abiria hafiki, na sahani zako zilioshwa na mtu ambaye huenda hakuliona jua wiki nzima. Makato ya kwenye akaunti ndiyo njia pekee ya kuwafikia hao. Ulipoyaondoa, uliwanyima wasioonekana ili umfurahishe anayeonekana. Mimi huyaacha yote, kisha humwongeza mhudumu wa chumba kidogo mkononi.

#3 Mhasibu Mpole

Nimefuatilia hesabu ya mwanzilishi wa uzi. Dola 17 kwa watu 2 kwa siku 7 ni dola 238. Bahasha zake tatu zina jumla ya dola 200. Simlaumu mtu, ila ninaona dola 38 zimerudi nyumbani naye.

#4 Nahodha wa Nchi Kavu

Hesabu hiyo imenifikia, Mhasibu. Nakiri sikuwa nimeipiga. Niligawa kwa kadiri ya noti nilizokuwa nazo. Hata hivyo swali langu kuhusu mhudumu bado halijajibiwa.

#5 Sitaha ya Pili

Nilifanya kazi ya vyumba melini kwa mikataba sita, kila mmoja wa miezi minane, kwa hiyo nitajibu nilichokiona bila kudai kwamba ndivyo ilivyo kwa kila kampuni.

Katika kampuni niliyoitumikia, abiria aliyeondoa makato jina lake na namba ya chumba chake viliingia katika orodha iliyomfikia msimamizi wetu. Mhudumu aliyepewa fedha taslimu na abiria wa aina hiyo alitakiwa kuiwasilisha yote, ikaingia katika mfuko wa pamoja na kugawanywa pamoja na makato ya wengine. Abiria aliyeyaacha makato akaongeza chochote mkononi, hicho kilikuwa chako peke yako, wala hakuna aliyekuuliza. Kuficha fedha ya kundi la kwanza lilikuwa kosa lililoweza kumgharimu mtu mkataba unaofuata. Ndiyo maana nasi tulikuwa tukiuliza swali lilelile, ingawa tulijitahidi kulizungushazungusha ili lisimkwaze mgeni. Huyo wako hakutaka kujua kiasi. Alitaka kujua kama bahasha ni yake.

#6 Upepo wa Kusi

Kwa heshima zote kwa Sitaha ya Pili, binamu yangu yuko kazini katika kampuni nyingine hivi sasa, naye anasema kwao taslimu haikusanywi kabisa, mgeni awe ameondoa makato au ameyaacha. Sababu ya swali kwao ni nyingine: makato yakiondolewa, mhudumu hujiuliza kama kuna jambo alilokosea, kwa kuwa mapokezi huandika sababu ya kuondoa, na sababu hiyo hufika kwa msimamizi. Kwa hiyo huyo kijana huenda alikuwa anauliza, kwa njia ya adabu, kama umemshtaki.

#7 Tanga Mbili

Kasia, umesema makato huwafikia wote wa sitaha za chini. Hilo linahitaji kurekebishwa. Kila kampuni ina mgawanyo wake, na masharti yake husema kwa maneno mapana kwamba fedha hiyo ni ya wahudumu wa vyumba, wa migahawa, na wengine "wanaochangia" safari yako. Hao wengine hawatajwi kwa kazi zao, wala viwango vya mgawanyo havitangazwi. Huenda muosha sahani yumo, huenda hayumo na analipwa mshahara wa moja kwa moja. Tusiwatumie watu wasioonekana kama hoja ikiwa hatujui kama wanapata.

Tukumbuke pia njia hii ilivyoanza. Zamani abiria alikuwa na meza moja na wahudumu walewale kila jioni, na usiku wa mwisho aligawa bahasha: ya mhudumu wa meza, ya msaidizi wake, ya mkuu wa mgahawa na ya mhudumu wa chumba. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian ilianzisha utaratibu wa kula saa yoyote katika mgahawa wowote, na wengine wakafuata kwa namna zao. Mtu akila kila siku mahali tofauti, bahasha ampe nani? Kwa maoni yangu makato yametokana na kuvunjika kwa meza ile kuliko kitu kingine.

#8 Bibi Mawimbi

Tanga Mbili, hiyo ni nusu ya habari. Nimesafiri tangu enzi za bahasha, na ninakumbuka vizuri usiku wa mwisho ulivyokuwa: nusu ya meza zilikuwa tupu. Watu waliohudumiwa wiki nzima, waliozoea hata kutaniana na mhudumu, walikwenda kula bafe usiku huo ili wasikutane naye. Kampuni zilileta makato kwa sababu abiria walikuwa wakikimbia. Na mtoro wa siku hizi hajabadilika sana, isipokuwa sasa hupanga foleni mapokezi na kuondoa makato akiahidi kwamba "atawapa mwenyewe."

Simaanishi wewe, Nahodha. Wewe angalau ulitoa.

#9 Nahodha wa Nchi Kavu

Asante kwa hilo "angalau", Bibi.

#10 Mwalimu wa Sarufi

Nimepita mahali pengine nikakuta watu wanayaita makato haya "kiinua mgongo." Ndugu zangu, kiinua mgongo ni malipo ya mtu anayestaafu au anayemaliza mkataba. Mnayoijadili hapa ni bakshishi, neno lenye asili ya Kiajemi, ambalo mzizi wake ni kutoa na kusamehe. Kitu kinachokatwa kila siku bila kuulizwa kinaliaibisha neno lenyewe, kwa hiyo upande wa lugha nipo na mwanzilishi wa uzi.

#11 Sitaha ya Pili

Mwalimu, anayeinama kutandika vitanda vya vyumba kumi na tano mara mbili kwa siku anaelewa kwa nini watu wameiita kiinua mgongo.

#12 Mwalimu wa Sarufi

Hapo umenishinda.

#13 Mzazi wa Wanne

Mimi tatizo langu ni kiasi. Kampuni ya Royal Caribbean ilipandisha makato mwezi Novemba 2023 hadi dola 18 kwa mtu kwa siku katika vyumba vya kawaida, na Norwegian mwaka huohuo ilifika dola 20. Familia ya watu wanne kwa siku 7 kwa hiyo dola 18 ni dola 504, na mtoto wa miaka mitano anatozwa sawa na mimi, ingawa kampuni nyingine husamehe watoto wachanga. Baada ya kuona hivyo nimejifunza kulipa makato mapema, wakati wa kukata tiketi, kwa sababu kiwango kikipanda baadaye aliyekwisha kulipa kwa kawaida haguswi. Kwangu limekuwa kama sehemu ya nauli, na nikiwa melini silifikirii tena.

#14 Kasia

Mzazi, hapo ndipo ninapouliza: kama ni sehemu ya nauli, kwa nini lisiwe nauli? P&O Cruises ya Uingereza iliondoa makato ya kila siku mwaka 2019 ikayaingiza katika bei. Silversea, Seabourn na Regent Seven Seas bei yao hujumuisha bakshishi tangu mwanzo. Kwa hiyo inawezekana. (Tanga Mbili, nimeyapokea marekebisho yako ya namba 7.)

#15 Mhasibu Mpole

Inawezekana, lakini kampuni ya soko la kawaida haina hamu nayo. Abiria hulinganisha nauli za kampuni mbili kwenye skrini moja, na anayeweka dola 130 za wiki ndani ya bei huonekana ghali kuliko jirani yake ambaye atazitoza baadaye. Zaidi ya hayo, wakala wa usafiri hulipwa kamisheni juu ya nauli, ilhali kwa bakshishi hapati kitu. Ukiihamisha ndani ya nauli, unaongeza pia malipo ya wakala.

Kuna mfano wa hivi karibuni. Sheria ya jimbo la California iliyoanza Julai 2024 inataka bei inayotangazwa ijumuishe ada zote za lazima, na kampuni kubwa za meli zikaanza kuonyesha kodi na ada za bandari ndani ya bei kwa wateja wa Marekani. Bakshishi ikabaki nje. Ingebakije nje kama ingekuwa ya lazima? Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo sababu mapokezi walimwondolea Nahodha makato bila ubishi: kitu kikitangazwa kuwa cha hiari, ni lazima mlango wa kukiondoa uwepo, hata kama umewekwa mahali pa aibu mwishoni mwa foleni.

#16 Upepo wa Kusi

Mhasibu, umesahau sababu iliyo rahisi kuliko zote. Bakshishi ikiwa nje ya nauli, mshahara unakuwa mdogo kwenye vitabu. Hakuna kima cha chini cha mshahara baharini, meli zimesajiliwa Bahamas, Panama, Malta na Bermuda, na abiria ndiye anayelipa wafanyakazi wa kampuni kwa mlango wa nyuma.

#17 Tanga Mbili

Sentensi ya mwisho tunaweza kuijadili, lakini ile ya kima cha chini si sahihi kama ulivyoiandika. Chini ya Shirika la Kazi Duniani kuna kiwango kinachopendekezwa kwa baharia mwenye ujuzi wa sitaha, na kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 673 kwa mwezi. Ni kweli kwamba ni pendekezo na kwamba kimepangwa kwa kumfikiria baharia wa sitaha, si mhudumu wa meza. Kinachofunga ni Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, ambao unataka malipo yasichelewe zaidi ya mwezi na mapumziko yasipungue saa 77 kwa wiki, au saa za kazi zisizidi 72. Nao unamhusu mhudumu wa chumba kama unavyomhusu baharia.

#18 Sitaha ya Pili

Saa 72 kwa wiki ndiyo dari kwenye karatasi, na sisi tulikuwa tunaishi darini.

Kuhusu mshahara, niongeze kitu ambacho abiria wengi hawakijui. Mkataba wangu ulikuwa na kiwango cha chini cha uhakika kwa mwezi. Bakshishi ikipungua chini ya hapo, kampuni hujazia. Ikizidi, ziada ni yako. Kwa hiyo katika miezi ya abiria wachache, dola uliyoiondoa haikuondoka mfukoni mwangu bali mwa kampuni, na katika miezi ya meli kujaa, iliondoka mfukoni mwangu. Ndiyo maana mabishano haya hayaishi: mtu anayesema makato humsaidia mwajiri na mtu anayesema humsaidia mhudumu wanaweza kuwa wote wawili wamesema kweli, ila katika miezi tofauti.

#19 Mpenda Dirisha

Naomba kuuliza kuhusu wakati wa kutoa. Mimi hutoa dola 20 siku ya kwanza, mara tu mhudumu anapojitambulisha, na wiki yote barafu haikosekani chumbani. Mkono mtupu haulambwi.

#20 Bibi Mawimbi

Hiyo ya siku ya kwanza, mwanangu, ina jina lake, na Mwalimu wa Sarufi anisaidie kulitamka.

#21 Mwalimu wa Sarufi

Linaanza na herufi h, lakini sitalitamka. Nitasema tu kwamba chanda chema huvikwa pete, na ili kijulikane kuwa ni chema lazima kwanza kionekane kikifanya kazi.

#22 Mpenda Dirisha

Mnanionea. Hongo ni ya kumfanya mtu atende asichostahili kutenda. Mimi ninamlipa mtu afanye kazi yake kwa furaha.

#23 Sitaha ya Pili

Kwa upande wetu hatukuwa na ugomvi na siku ya kwanza wala ya mwisho. Tulichokuwa na ugomvi nacho ni sarafu. Mgeni hukusanya sarafu za nchi nne akakuachia rundo zuri mezani, wakati wabadilisha fedha hupokea noti tu, nawe huna mfuko wala muda wa kwenda kuzitumia kule zilikotoka. Zawadi kubwa nazo ni mzigo, kwa sababu chumba cha wafanyakazi hukaa watu wawili na kabati lake ni jembamba. Noti ndogo zisizochanika, na jina lako kuandikwa kwenye fomu ya maoni. Usidharau hilo la pili: msimamizi alikuwa akitusomea majina yaliyotajwa, na kutajwa mara nyingi kulisaidia wakati wa kupandishwa cheo.

#24 Mzazi wa Wanne

Kuhusu maandishi, jihadharini na risiti za baa. Kinywaji kimekwisha kuongezewa asilimia 18, au 20 katika kampuni nyingine, halafu chini ya risiti kuna mstari mtupu ulioandikwa "bakshishi ya ziada." Niliujaza kwa siku tatu nikidhani ya kwanza haipo.

#25 Mhasibu Mpole

Mstari huo ni wa hiari pia. Ila mlango wake wa kuingilia ni mpana kuliko ule wa kutokea.

#26 Upepo wa Kusi

Turudi kwa mwanzilishi wa uzi. Sasa tuna maelezo matatu kuhusu swali la yule mhudumu: alitaka kujua kama fedha ni yake (namba 5), aliogopa kuwa ameshtakiwa (namba 6), na lile la Nahodha mwenyewe kwamba ilikuwa tamaa. Binamu yangu, nilipomsomea uzi huu kwa simu, ameongeza la nne: wengine huuliza ili wamwombe mgeni arudi mapokezi kurejesha makato, kwa faida ya wenzao wa zamu, kwa kuwa timu yote hupungukiwa. Anasema amewahi kuona hivyo mara moja.

#27 Kasia

Hilo la nne ndilo ninalolipenda, lakini kupenda si ushahidi.

#28 Msomaji wa Kimya

Nimesoma yote bila kuchangia. Nashangaa hakuna aliyeuliza: Nahodha, wewe ulimjibu nini?

#29 Nahodha wa Nchi Kavu

Nilitarajia swali hilo lisije. Nilimwambia nimeyaacha. Nilihisi ananipima, nikaona haya, na jibu lile likatoka lenyewe. Alitabasamu, akashukuru, akaitia bahasha mfukoni.

#30 Sitaha ya Pili

Basi aliichukua akiamini ni yake. Kama kampuni yake ilikuwa na utaratibu kama wa kwetu, orodha ya walioondoa ilikuwa tayari kwa msimamizi jioni ileile, na namba ya chumba chako ilikuwemo.

#31 Upepo wa Kusi

Na kama ni kampuni ya binamu yangu, hakuna orodha ya namna hiyo na kijana amekwisha kuzituma kwao. Tusimtie Nahodha hofu ya kitu tusichokijua.

#32 Nahodha wa Nchi Kavu

Nimefungua barua pepe. Fomu ya maoni ya safari ile bado ipo wazi, na ina nafasi ya kumtaja mfanyakazi. Sitaha ya Pili, nikiandika humo kwamba dola 100 nilimpa kama nyongeza na kwamba kosa la makato ni langu, maneno hayo yatamfikia msimamizi wake, au yataishia ofisini?

#33 Sitaha ya Pili

Jina lake litafika. Hayo mengine, yaandike kwa ufupi, na yaweke kabla ya jina.